Haki ya Vijana katika Sanaa na Utamaduni wa Mji

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, twapenda kuweka mbele ya wasomaji wetu suala ambalo limejadiliwa mara nyingi katika darasa letu. Suala lenyewe ni hili: Je, kijana anayekaa mjini anayo haki ya kuzipata sanaa na utamaduni wa mji wake, kama alivyo na haki ya kupata maji na dawa? Au mambo hayo ni pambo tu, mwenye uwezo alipate, na asiye nao asubiri mpaka siku atakapokuwa na uwezo?

Wako watakaosema kwamba hili ni suala la watu walioshiba. Sisi twaona sivyo. Hapa Mabanga, kwenye njia iendayo Bungoma kutoka Webuye, na katika miji ya Bungoma na Kitale, suala hili linaulizwa kila usiku na vijana wenyewe, ijapokuwa hawaliulizi kwa maneno. Wanaliuliza kwa miguu yao, kwa mahali wanapokwenda jua likishatua. Basi ni wajibu wa wazee kulijibu kwa maneno na kwa vitendo.

Kwanza yafaa tueleze tunakusudia nini. Tukisema sanaa na utamaduni hatukusudii starehe za kila namna. Twakusudia mambo ambayo kwayo watu wa mahali hujijua na kujieleza: mashairi na hadithi, vitabu, uchoraji na uchongaji, ususi na ufinyanzi, maigizo, nyimbo na vyombo vyake, khabari za waliotangulia, na majumba ambamo mambo hayo huhifadhiwa na kufundishwa. Na tukisema kupata, hatukusudii kutazama tu. Anayeruhusiwa kutazama mkate dukani hajalishwa. Kupata ni kuona, na kujifunza, na kutenda kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tuangalie hali ilivyo. Kitale kuna jumba la makumbusho ambalo khabari yake ni funzo peke yake. Mwaka 1926, wakati Kitale ilipokuwa mji wa walowezi, Mwingereza mmoja aliyekuwa afisa wa jeshi, Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake mwenyewe ya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya kale. Alipokufa mwaka 1966 aliiachia nchi mali hiyo, na mwaka 1974 likafunguliwa jumba jipya, la kwanza la makumbusho katika bara ya Kenya. Humo mna vyombo na silaha na mapambo ya watu wa magharibi ya Kenya, na katika uwanja wake zimejengwa nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali, zikikaa jirani. Basi mali ya mtu mmoja ikawa mali ya umma, na jambo hilo ni jema.

Lakini tujiulize: umma ni nani? Kijana wa bodaboda anayelala Mabanga, akitaka kwenda Kitale, atalipa nauli ya matatu kwenda na kurudi, atapoteza kazi ya siku nzima, kisha atakuta kiingilio mlangoni. Kiasi cha kiingilio ni kidogo kwa mwenye mshahara. Kwa asiye na mshahara ni chakula cha jioni. Hakuna aliyemkataza kuingia, wala hakuna bango lililoandikwa kwamba maskini hawatakiwi. Hata hivyo hakuingia, wala ndugu zake hawakuingia, na huenda watoto wake pia wasiingie.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kuna tafauti baina ya mlango ulio wazi na njia inayopitika. Zamani mlango wenyewe ulifungwa. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na haikuwafungulia Waafrika mpaka mwaka 1958. Dhulma hiyo iliweza kuonekana kwa macho, na kwa kuwa ilionekana, watu waliweza kuipinga. Leo rangi haiulizwi mlangoni, bali huulizwa shilingi, na masafa, na wakati. Dhulma ya namna hii haionekani, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeifanya. Lakini aliyebaki nje yuko nje vile vile.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Huyu kijana aliyebaki nje amekwisha kulipa. Anaponunua sabuni hulipa kodi, anapotia mafuta katika pikipiki yake hulipa kodi, na nyumba za umma huendeshwa kwa fedha za umma. Basi amechangia nyumba ambayo hajapata kuiona ndani, ili aingie mwenye uwezo zaidi kuliko yeye. Twauliza wenye kupima mambo kwa haki: je, mizani hii imesimama sawa?

Ama sheria ya nchi, haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, imeutambua utamaduni kuwa ndio msingi wa taifa, na ikaitaka serikali iukuze kwa fasihi, sanaa, sherehe za jadi, maktaba na njia nyinginezo. Kifungu cha 44 kimempa kila mtu haki ya kushiriki katika utamaduni aupendao. Kisha Jedwali la Nne likaweka shughuli za utamaduni na burudani za umma mikononi mwa serikali za kaunti. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika fungu hilo hilo moja zimetajwa kamari, na leseni za vileo, na sinema, na maktaba, na makumbusho. Mkono uliopewa leseni ya ulevi ndio uliopewa ufunguo wa vitabu. Basi msomaji na atembee katika mji wake, aanzie stendi ya matatu mpaka sokoni, ahisabu milango ya vilabu vya pombe na ya kamari, kisha ahisabu milango ya maktaba na kumbi za sanaa. Hisabu hiyo itamwambia ni sehemu gani ya fungu lile iliyofanyiwa kazi, na ni sehemu gani iliyoachwa kwenye karatasi.

Tuje sasa kwenye jambo linalotuumiza zaidi, nalo ni disko matanga. Katika sehemu zetu hizi za magharibi, panapotokea msiba, huletwa muziki wa vipaza sauti usiku, kwa kisingizio cha kukusanya mchango wa mazishi, na vijana hukesha hapo. Madhara yake yanajulikana kwa kila mzazi: ulevi, ugomvi, na wasichana wadogo kuharibiwa. Watawala wamezipiga marufuku zaidi ya mara moja, nasi twaunga mkono marufuku hiyo bila ya kusita. Lakini twauliza: kwa nini inahitaji kutolewa tena na tena?

Jawabu yetu ni kwamba marufuku hufunga mlango mmoja na haifungui wa pili. Kijana ana nguvu za usiku, ana hamu ya kukutana na wenziwe, ana sauti anayotaka isikiwe na mwili unaotaka kwenda na mdundo. Mambo hayo Mola ameyaumba ndani yake, hayakuletwa na vipaza sauti. Maji ya mto Nzoia ukiyazuia bila ya kuyachimbia mfereji, yatavunja ukingo na kuingia shambani. Mwenye hekima huchimba mfereji kwanza. Anayemwambia kijana usiende pale, na asimwambie uende wapi, amemwachia kijana amri isiyo na njia ya kuitii.

Ikiwa mtu atasema: Mambo haya si ya lazima, watu wana njaa, hospitali hazina dawa, karo za shule hazijalipwa, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009 na watu wakakosa kazi; nanyi mwatuletea maneno ya ngoma na picha? Jawabu yake ina sehemu mbili. Ya kwanza: hatusemi dawa iachwe ili ngoma inunuliwe. Twasema kwamba fedha zinazotengwa kwa utamaduni zitumiwe kwa wote na si kwa sherehe ya siku moja ambayo wakubwa hukaa kivulini na vijana hucheza juani. Ya pili: mwenye njaa ya chakula anaijua njaa yake, na atalia. Lakini aliyenyimwa elimu ya sanaa na khabari za wazee wake huenda asijue alichonyimwa, kwa hiyo halii. Kutolia kwake si dalili ya kwamba ameshiba. Kwa ajili hiyo haifai kusema, vijana hawaombi maktaba, basi hawaihitaji. Watu huomba walichokionja.

Na ikiwa mwengine atasema: Leo kila kijana ana simu, na ndani ya simu kuna nyimbo na picha na vitabu vya dunia nzima, amenyimwa nini? Twamjibu kwamba si kila kijana ana simu ya namna hiyo, na mwenye nayo hana kila siku fedha za kuilisha. Lakini hata angekuwa nazo, simu humpa vilivyotengenezwa na wengine, mahali pengine. Haimpi mzee wa kumshika vidole juu ya nyuzi za litungu, wala haimsimamishi mbele ya jirani zake aseme shairi lake na asikie wakilipokea au wakilikosoa. Mtu hafundwi adabu ya kusema mbele za watu na kioo. Sanaa ya watu hukaa kwa watu, na ikikosa wa kuirithi hufa, hata ikiwa imenaswa katika mashine. Jirani zetu wa Isukha na Idakho, katika Kakamega, wanalijua hili. Ngoma yao ya isukuti iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kuhifadhiwa kwa haraka.

Wako pia ndugu zetu wa dini watakaosema: Sheikh, huu ni mlango wa upuuzi, tuufunge kabisa. Kwa hao twasema kwa heshima: tutafautishe. Imethubutu katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamwacha Bibi Aisha atazame. Na Hassan bin Thabit alikuwa mshairi wake, akitetea dini kwa ulimi. Basi asili ya jambo si uharamu. Uharamu huingia kwa uchafu unaochanganywa nalo. Na anayetaka kuutoa uchafu hana budi kuingia ndani na ufagio. Akikaa mbali akilaani, uchafu utabaki pale pale.

Khabari ya Lamu yatutosha kuwa mfano. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, elimu ya pale ilikuwa zaidi mikononi mwa koo zenye jina na mali. Akaja Habib Swaleh, akawaketisha darasani watu wanyonge na watoto wa waliokuwa watumwa, na kutoka kwake ukapatikana msikiti na chuo cha Riyadha, na Maulidi ambayo kila mwaka hukusanya watu kutoka pwani yote. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya matari na namna za Maulidi hayo, nasi hatuingii katika mlango huo hapa. Tunalotaka msomaji aliangalie ni jambo moja: hakuna aliyesimama mlangoni na kuuza tikiti. Mtoto wa maskini aliimba pamoja na mtoto wa tajiri, na gharama ikabebwa na wenye uwezo. Hapo njia ilipitika.

Na huku kwetu pia ulikuwapo mfano. Kwa Wabukusu, mwaka wa tohara unapofika, nao huwa ni mwaka wa shufwa, mvulana hufundwa nyimbo na desturi za wakubwa wake na jamaa na mtaa mzima. Haulizwi kama baba yake ana ng'ombe wangapi ndipo afundishwe nyimbo. Wazee waliona kwamba kumrithisha kijana ni deni lililo juu ya shingo zao, wala si bidhaa ya kumwuzia. Hatusemi kila kilichokuwamo katika jadi ni chema. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 55, imetaka vijana wakingwe na mila zenye madhara, na wasichana hawakupewa sehemu sawa katika mirathi hiyo. Lakini msingi ule ulikuwa sahihi: mkubwa anadaiwa, mdogo anadai.

Tena tusisahau yaliyotupata. Baina ya mwaka 2006 na 2008 Mlima Elgon uliwaka moto wa vita vya ardhi, na waliobebeshwa silaha walikuwa vijana. Mwaka 2011 yakafanywa mapatano ya amani baina ya makabila ya kando ya mlima huo, nayo yakachukua jina la Mabanga hii yetu. Wazee waliwekeana ahadi, na ahadi za wazee ni kitu kikubwa. Lakini wazee hufa, na vijana ambao hawajawahi kuingia katika nyumba ya mwenzao, wala kujifunza wimbo wake, wala kusikia hadithi ya babu yake, watairithi ahadi hiyo kama karatasi isiyosomeka. Zile nyumba za makabila zinazokaa jirani katika uwanja wa Kitale zinafundisha jambo ambalo hotuba haiwezi kulifundisha. Basi haifai funzo hilo liuzwe kwa wenye nauli peke yao.

Ulimwenguni yako mafanikio na yako makosa ya kuzingatia. Venezuela, mwaka 1975, José Antonio Abreu alianza kuwakusanya vijana na kuwafundisha muziki wa ala kwa pamoja bila ya malipo, na kazi hiyo ikaenea nchi nzima mpaka kuwafikia watoto wa mitaa ya maskini. Medellín, katika Kolombia, lilifunguliwa mwaka 2007 jumba kubwa la maktaba juu ya mlima wa maskini, likasifiwa duniani. Mwaka 2015 likafungwa kwa kasoro za ujenzi. Unguja, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kufundisha taarabu na ngoma za kienyeji, kilitangaza mwaka 2019 kwamba huenda kikafunga kwa kukosa fedha, kwa kuwa kilitegemea wafadhili. Mafunzo yake ni matatu: mwalimu ni bora kuliko jengo, jengo zuri lisiwe ndilo lengo, na kisichobebwa na wenyewe hakidumu.

Na serikali sasa imeweka njia ya sanaa na michezo kuwa moja ya njia tatu za shule za sekondari ya juu, ambazo zilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2026. Ni hatua njema. Lakini si kila shule inatoa njia hiyo, na kijana aliyekwisha kuacha shule haimfikii kabisa. Tukisema vijana wote, basi neno wote lina maana yake. Mwenye sare ya shule amo, na muuza mahindi ya kuchoma amo, na msichana anayelea mtoto wake nyumbani amo.

Basi twapendekeza nini? Hatuombi majumba ya fahari. Twaomba mambo manne yanayowezekana.

La kwanza, makumbusho na nyumba zote za umma za namna hiyo ziwe na siku maalumu za kuingia bure kwa vijana wa kaunti zote jirani, walio shuleni na walioacha, na kaunti zitoe magari ya kuwachukua wa mbali, kama zinavyotoa magari ya kuwapeleka watu kwenye mikutano ya siasa.

La pili, kumbi zilizokwisha kujengwa zifunguliwe jioni. Shule hufungwa alasiri, madrasa nyingi hufungwa kabla ya magharibi, kumbi za makanisa hukaa tupu siku sita. Nyumba zipo, funguo ndizo zilizofichwa. Darasa letu liko tayari kutoa chumba chake kwa masomo ya mashairi, khati na usomaji wa vitabu, kwa kila kijana, bila ya kumwuliza dini yake.

La tatu, wazee wenye ujuzi wa litungu, wa ufinyanzi, wa ususi na wa hadithi walipwe kama walimu. Ni aibu kumwita mzee siku ya sherehe apige chombo chake mbele ya wageni, kisha arudi nyumbani kwa miguu.

La nne, zipangwe saa za mchana na mahali penye heshima kwa ajili ya wasichana, ili mzazi amruhusu binti yake bila ya hofu. Mpango usiomfikia binti umewaacha nje nusu ya vijana kabla haujaanza.

Na juu ya yote hayo, vijana wenyewe wakae katika baraza inayopanga. Wazee tuna haki ya kuweka mipaka ya adabu, wala hatutaiacha haki hiyo. Lakini mwenye kuvaa ndiye ajuaye nguo inambana wapi.

Twamaliza kwa kuwakumbusha wasomaji kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kesho hatutaulizwa tu kama tuliwakataza vijana wetu maovu. Tutaulizwa pia ni wema gani tuliouweka mahali ambapo mikono yao ingeufikia. Atakayejibu suala la kwanza kwa sauti kubwa na la pili kwa kimya, huyo hajamaliza hisabu yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.